Mfuko Alioushona Mama Festo

Usiku ule nililala na kipande cha kalenda chini ya mto. Nyuma yake nilikuwa nimechora mstari katikati, kushoto nikaandika "Nyepesi", kulia "Nzito". Zilikuwa sifa za bastola mbili ndogo, zile ambazo risasi zake hukaa kwenye gurudumu linalozunguka. Kibali changu kilikuwa kimeshatoka, na muuzaji alinipa hadi Ijumaa niwe nimechagua moja, maana alichoka kuniwekea zote mbili.

Ile nyepesi inabeba risasi tano. Nyundo yake, ile inayogonga risasi, imefichwa ndani, kwa hiyo hainasi kwenye nguo ukiichomoa. Ila muuzaji hakunificha: ukiifyatua inaurusha mkono, na mzee mwenye vidole vya baridi yabisi kama vyangu ataijutia. Nzito inabeba sita na inatulia mkononi, lakini ukiitia mfukoni suruali inavutika upande mmoja, hadi mtu wa ng'ambo ya barabara anajua umebeba nini. Nimeendesha malori miaka thelathini na moja, nimelala peke yangu kwenye mapori ambayo hata fisi walikuwa wanapita haraka, na sikuwahi kutamani bastola. Sasa nimestaafu, nina nyumba yangu hapa Iringa yenye nondo kila dirisha, na ndiyo nimekuwa mwoga. Ukitaka kucheka cheka, mimi mwenyewe nacheka.

Mke wangu, Mama Festo, alifariki mwaka jana. Haikupita miezi mitatu, siku moja nikiwa kwenye sala ya jumuiya, wezi wakaingia wakabeba televisheni na cherehani yake. Televisheni sikuililia. Cherehani niliililia kama mtoto, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki na umbo lake, kiti kimesogezwa vile vile alivyokiacha. Tangu hapo nikawa nalala na panga kitandani, upande wake, na mapazia siyafungui hata mchana.

Basi nikalala, na nikasikia cherehani.

Naijua ile sauti ya kukanyaga, inakwenda mbio kisha inapunguza kwenye kona ya kitambaa. Nikatoka chumbani kuifuata, na korido ikanifikisha dukani kwa yule muuzaji. Muuzaji mwenyewe hayupo. Nyuma ya meza ya kioo ameketi Mama Festo na sweta lake la kahawia, futi ya kupimia shingoni, miguu inakanyaga. Jua la asubuhi linamwangukia mikononi. Nataka kumuuliza cherehani ameipata wapi, lakini naona nikiuliza ataondoka, kwa hiyo nanyamaza. Sikuogopa hata kidogo. Nilimtamani tu, nilitamani asimalize kushona.

Mama Festo alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wateja wake. Hakati mfuko kabla hujamwambia utatia nini. Simu, rozari, ugoro, utasema tu. Mashati yangu yote ya kazi aliyawekea mfuko mwembamba wa kalamu, kwa sababu dereva husaini makaratasi kila kizuizi. Alisema mfuko usioijua kazi yake hutoboka.

Ananyoosha mkono bila kuniangalia, nami najua anataka nini. Naziweka zile bastola mbili juu ya kioo. Anaichukua nyepesi, anaipima urefu, anaipima unene, anapitisha kidole gumba pale nyundo ilipofichwa, anatikisa kichwa kuridhika: hapo bitana haitachanika. Kisha anaifunga nzito kwenye pindo la kitambaa, anaining'iniza, anatazama inavyovuta nyuzi. Anairudia ile nyepesi. Anazilinganisha kwa utulivu ule ule aliolinganishia vifungo, na kwa kweli alizielewa kuliko mimi na muuzaji na kalenda yangu.

Nami naongea. Loo, niliongea. Nilimweleza habari za wezi, za vidole vyangu, kwamba nyepesi itaniumiza na nzito itanitia aibu. Nilimweleza hata bei ya nyanya. Nilikuwa na wiki nzima sijatamka maneno kumi kwa mtu. Yeye anasikiliza tu, hajibu, kwa sababu ameshika pini mdomoni.

Mwisho anazitoa zile pini, moja moja, anazichomeka kwenye sweta lake.

"Ni ya nani, Baba Festo?"

Nikamwambia ni ya kumpiga mwizi.

"Utamjuaje?"

Jibu nilikuwa nalo tayari, nilishalifikiria usiku mwingi. "Mwizi hapigi hodi," nikasema.

Miguu yake ikasimama. Sasa hatuko dukani tena, tuko sebuleni kwetu, na meza ya kioo imekuwa ile meza yake ya kukatia. Ananiangalia kwa mara ya kwanza.

"Na mwanangu?" anasema. "Mwanangu nilimkataza kupiga hodi."

Ni kweli. Festo alipooa akahamia kwake, siku ya kwanza kuja kutusalimia alisimama mlangoni akapiga hodi kama mgeni. Mama yake alimwacha asimame pale nje hadi hodi ya tatu, kisha akatoka kumgombeza: mtoto hapigi hodi kwao. Akamchongeshea ufunguo, akaufunga kipande cha kitenge. Tangu siku ile Festo huingia kimya kimya, na humkuta mtu popote alipo ndani ya nyumba.

Na sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Wiki tatu kabla ya ndoto hii nilikuwa nimelala baada ya chakula cha mchana, mapazia yamefungwa. Nikasikia hatua kwenye korido. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Niliruka na panga na nikalishusha. Dakika ile ile nikauona uso, nikapinda mkono, panga likazama kwenye fremu ya mlango. Festo alikuwa ameshika hotipoti, kwa sababu simu yangu nilikuwa sijaipokea siku mbili. Wali ukamwagika wote. "Ni mimi, baba," akasema. Akauokota ule wali, akafuta sakafu, akaacha ufunguo mezani akaondoka. Jumapili iliyofuata alisimama getini akapiga hodi. Mara tatu. Mimi niko nyuma ya pazia, namwona, na naona aibu. Sikuitika. Hajaja tena.

Panga niliweza kulipinda. Hilo sikuliandika kwenye kalenda, si kushoto wala kulia: risasi haipindwi.

Katika ndoto Mama Festo hakunigombeza. Anakata uzi kwa meno, ananikabidhi alichokuwa akishona muda wote ule. Ni mfuko. Najaribu kutia bastola nyepesi, haiingii. Najaribu nzito, ndiyo kabisa. Nageuka kumwambia kwamba amekosea kipimo, yeye ambaye hakuwahi kukosea, na kiti kiko tupu. Ndipo ninaugeuza mfuko kwenye mwanga na kuona ni wa kitenge, nao hautoshi kitu kingine zaidi ya ufunguo.

Nikaamka. Mkono wangu ulikuwa upande wake wa kitanda, juu ya panga, na chuma kilikuwa baridi. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Kisha nikalipeleka panga kwenye stoo lilale na majembe wenzake. Nikafungua mapazia, vumbi likanipaliza. Ijumaa nitamwambia muuzaji aziuze zote mbili.

Ufunguo wa Festo ulikuwa bado mezani, haukuguswa. Nikautia kwenye mfuko wa shati, pale pa kalamu, nikapiga simu.

"Shikamoo, baba," akasema, kwa sauti ya mtu anayesubiri habari mbaya.

Nikaitikia. Nikamwambia nimemwota mama yake. Akauliza alikuwa amesema nini.

"Ameuliza habari zako," nikamwambia. "Njoo, mwanangu, ufunguo wako ninao. Nitauacha mlango wazi. Usipige hodi."