Pepo wa Miguu Yangu
Sitaki kupatanishwa na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Hapa Chumbi kila mtu ananiambia yaliyopita si ndwele. Wanaosema hivyo hawajawahi kujikojolea katikati ya shamba la mpunga.

Ilianza kwa ganzi. Nikipalilia, miguu inakufa, nikikaa, inarudi. Kisha ikaacha kurudi, mkojo ukawa unanitoka hukohuko shambani, na miguu ikawa inarukaruka yenyewe. Wifi alipoiona akapiga kigelegele. "Huyo pepo huyo, anataka ngoma yake!" Mume wangu, ambaye mbele ya dada yake hana mdomo, akakubali.

Wakamwita mganga, wakanilaza mkekani, wakanifukiza ubani, ngoma zikalia. Miguu ikatetemeka. "Kapanda! Kapanda!" Mganga akaamuru nisipelekwe popote mpaka pepo ataje jina lake. Nikawaambia sina pepo, nina ugonjwa. Wakasema anayesema hivyo ndiye pepo mwenyewe. Utashindana vipi na watu kama hao? Wakapunga na kupunga, mpaka nikashindwa kusimama.

Kaka yangu alikuja kutoka Kibiti, akaniona, akatukana nyumba nzima, akanipakia garini. Tulivuka daraja la Ndundu nikilia kwa hasira.

Huko Dar daktari alishika unyayo wangu, akausukuma juu ghafla. Mguu ukacheza vilevile, bila ngoma. Picha zikaonyesha uti wa mgongo umevimba. Wakapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa nyonga, wakamwaga dawa inayoonekana kwenye picha, wakaona ulipo ubaya: mshipa unaoleta damu umejiunga na ule unaoirudisha, damu inarudi nyuma na kuusonga uti. Wakanipasua mgongo, wakaufunga muungano ule na kuukata.

"Tumeuzuia usiendelee," daktari akasema. "Kilichokwisha kufa siwezi kukuahidi kitarudi. Ungeletwa mapema, mama."

Nilirudi na mkongojo. Wifi akaja na sahani ya wali, akiwatangazia majirani, "Si mnaona? Tulimpunga, kapona!"

"Wifi," nikamwambia, "njoo uniminye miguu."

Akaminya wa kushoto. Nikasema basi, unaniumiza. Akaminya wa kulia, kwanza kwa vidole, halafu kwa kucha, akiniangalia usoni, akingoja niseme basi. Majirani wakasogea karibu.

Nikamwacha angoje.