Bonde Lililofungwa kwa Miiba

Tarehe 3 Machi mwaka huu, mlinzi wa malisho ya ukoo alilifunga bonde kwa miiba ili nyasi zikomae kabla ya kiangazi. Kila anapoulizwa jambo, hung'oa jani, hulitafuna, ndipo hujibu, hata anayeuliza akiwa mkewe. Jana ofisa ardhi alipigilia vigingi humo, akasema bonde halitumiki, hivyo linakwenda kwa mwekezaji wa maua. Mlinzi hakutafuna kitu.

"Mwanangu, ukimkuta mama yako amelala, unamzika?" Aliinyoshea miiba kidole. "Tumelipumzisha! Au kiangazi ng'ombe wetu wale maua yenu?"

"Mzee, mimi naandika ninachokiona. Sijaona hata alama ya kwato."

Kesho alfajiri mlinzi ataiondoa miiba na kuwaingiza ng'ombe wote, wazikanyage nyasi changa, ili bonde lionekane lina wenyewe.