Ngumi ya Kupimia Ugali

Kisa hiki alikisimulia kwanza mama mdogo, mwaka jana wakati wa mavuno ya mpunga, Majimoto. Alikuwa amemsindikiza mumewe kliniki ya kisukari, Mpanda mjini. Baba mdogo alimeza dawa bila kukosa, lakini alizidi kunenepa, na kidonda cha kidole cha mguu kiligoma kupona.

"Mzee, si nilisema ugali usizidi ngumi?" nesi aliuliza, macho kwenye mzani.

"Na hauzidi."

"Ngumi ya nani?" mama mdogo akadakia. "Mwambie nesi! Anapimia ya kaka yake, mfyatua matofali."

Baba mdogo akaficha mikono mifukoni. "Tunakula sahani moja. Nikipimia yangu, mkubwa atashiba?"

"Sukari isiposhuka tutakikata hicho kidole."

"Kwani nyie, dawa si nameza?"

Basi heshima ikaendelea. Ajabu ni kwamba kaka mtu, anayeshinda kwenye udongo tangu asubuhi, hakuongezeka hata kilo moja. Aliyenenepa kwa heshima ni mdogo wake tu, anayeshinda kwenye kiti.

Ndugu hao wawili wako hai, mama mdogo na nesi pia. Aliyetangulia ni kidole peke yake.