Kanisa la Wahispania Nililolibomoa kwa Chupa ya Maji

Naona haya hata kuandika, lakini kwa kuwa ndugu zetu wa Columbus na Buffalo wameshasikia (tena kwa kutiwa chumvi), heri mlisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Binti yangu Neema alipewa kazi shuleni hapa Louisville: atengeneze mfano wa kanisa la misheni, yale ambayo zamani mapadri Wahispania waliwajengesha wenyeji wa nchi hii. Nilipoona picha nikashangaa: kuta nene za matofali ya udongo na majani makavu, madirisha madogo huko juu, kengele zikining'inia ukutani. Si ndiyo makanisa aliyokuwa akijenga marehemu mume wangu kule kwetu milimani? Basi tukafyatua vitofali kwa ganda la kiberiti, na kuta nikazikandika kwa samadi kama kwetu, ila hapa mtaani kwetu Newburg hakuna ng'ombe, nikaomba ya farasi kwa mwenzangu wa kazini. Ilipokauka haikunuka. Kidogo tu.

"Mama, kesho usiseme kitu," Neema aliniomba (kwa Kiswahili, ndipo nikajua ni jambo zito). "Ni maksi."

Rahisi. Tangu mazishi ya mume wangu mimi si msemaji.

Lakini kesho yake kwenye maonyesho ya shule, baba mmoja wa meza ya jirani, mwenye kanisa la karatasi jeupe pe, akasema jambo kwa Kiingereza, na Neema akanitafsiria: "Anasema mvua ikinyesha hili litayeyuka."

Kuyeyuka? Kazi ya mume wangu? Nikashika chupa ya maji, nikasema, "Mwambie atazame," nikamimina.

Bon, basi. Kanisa likachuchumaa, kengele ikadondoka, samadi ikaamka, uji wa kahawia ukatiririka hadi kwenye kanisa jeupe na viatu vya mkuu wa shule, na ukumbi mzima ukashika pua.

Neema akaninong'oneza, "Sasa sema kitu."

Nikaokota kengele.

Aliyesema ni mwalimu, akifuta machozi ya kicheko: makanisa mengi ya kweli yaliisha hivyo hivyo, paa likianguka au chokaa ya kukinga kuta na mvua ikibanduka. Neema akapata maksi zake. Mimi nikapewa ndoo na tambara.

Kabla sijafika nyumbani picha ilikuwa imepita Columbus kwa shemeji, na dada yao wa Buffalo akapiga simu.

"Wifi! Kaka yangu kajenga makanisa maisha yake yote, wewe unabomoa kwa chupa?"

"Sikujua habari ya chokaa."

"Miaka yote ile pale penye ujenzi ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nabeba maji."

Tulicheka. Nimeapa: maji nitabeba, lakini kumimina, sithubutu tena.