Bwana Subiri na Sauti ya Wikendi

Fundi wetu wa simu tunamwita Bwana Subiri. Mpelekee shida yoyote, hata kama simu yako inatoa moshi, atakwambia, "Subiri kidogo, dada." Yeye mwenyewe sasa, kusubiri hajui. Mguu unatikisika chini ya meza, kalamu zote amezitafuna, chai inapoa hajaigusa. Kutwa kiguu na njia kati ya chumba cha mitambo na meza yangu ya mapokezi.

Halafu mbishi! Mitambo ya simu ya wenzetu hujibadilisha yenyewe ofisi ikifungwa. Wa kwetu anaubadilisha kwa mkono, eti saa ya mtambo haiamini. Ijumaa jioni anafungua ukurasa wa mtambo kwenye kompyuta yake kuukuu, anawasha sauti ya wikendi. Sauti yenyewe ni yake: "Tafadhali subiri. Tutakuhudumia." Jumatatu asubuhi anaizima.

Jumatatu hiyo alifika macho mekundu. Mama yake alikuwa amelazwa mji mwingine, afanyiwe upasuaji wa tumbo asubuhi ile ile, na bi mkubwa alikuwa amewaapia manesi kwamba haingii ndani mpaka aongee na mwanawe. Namba aliyoishika kichwani ni moja tu, ya ofisi yetu.

Fundi akakuta kompyuta yake ya hapo mapokezi haipo. Wakubwa walikuwa wamezibadilisha zote wikendi, wakamwekea mpya inayong'aa. Lo! Ukurasa wa mtambo ulizoea kivinjari cha zamani, kile cha kufungulia mtandao, nacho kimeondoka na kompyuta ya zamani. Kila simu iliyoingia ikawa inapokelewa na ile sauti ya wikendi. Mezani kwangu kimya.

Kivinjari cha kwanza kilimpa ukurasa mweupe, mtupu. Cha pili kikagoma, kikidai ukurasa si salama.

"Si salama? Miaka yote hii nautumia mimi!" akakifokea.

Cha tatu kikafunguka vizuri. Akazima sauti ya wikendi, akashuka chini kutafuta kitufe cha kuhifadhi. Hakuna kitufe. Ukurasa umekatika, na bila kuhifadhi ni kazi bure.

"Piga wodini, chukua simu yangu," nikamwambia. Akapiga, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, hola.

Uzalendo ukanishinda. "Wewe na ubishi wako wa saa! Ungeiacha mashine ifanye kazi yake, saa hizi ungekuwa unaongea na mama!"

Niliona midomo inamcheza, nikatamani niyameze maneno yangu. Jasho linamtoka, anabonyeza hiki, anabonyeza kile. Akaanza kupunguza ukubwa wa maandishi. Yakapungua, yakapungua, yakawa kama sisimizi, na kule chini kabisa kitufe kikajitokeza. Akakibonyeza.

Hata hajainua kidole, simu yangu ikalia. Nesi.

"Jamani, mko wapi? Tumepiga asubuhi nzima! Bibi amegoma kuingia, anasema mwanawe kamwambia asubiri. Daktari bado yupo, lakini anataka kuchukua mgonjwa mwingine."

Bwana Subiri akaninyang'anya mkonga wa simu. Nikasogeza sikio, hata aibu sikuona. Sauti ya bi mkubwa ilikuwa nyembamba, haina haraka.

"Umesema nisubiri, baba. Nimesubiri."

"Mama, ile ni mashine, mama! Ingia. Ingia sasa hivi, nakuomba."

"Niingie?"

"Ingia, mama yangu. Mimi nipo hapa hapa, siondoki kwenye simu."

Tukasikia kitanda kinasukumwa, magurudumu yanalia sakafuni.

"Haya, naingia," akasema. "Nami nikashangaa. Ile ya kwanza haikuniita mama."