Sendika ya Wageuza Ndagala

Tarehe tatu mwezi wa nane, 1999, saa saba ya mchana, yaya yangu, dada yangu mkubwa, alianguka kwenye uwanja wa kuanikia ndagala pale Baraka, na hakuamka tena. Miaka hiyo ya vita kila aliyesikia habari ya kifo aliuliza kwanza, "Ni banani balimupiga?" Nilichoka kujibu. Hakuna aliyempiga risasi. Lilikuwa jua.

Naanza na hilo kwa sababu yanayofuata yanachekesha, na sitaki mtu adhani sikumlilia.

Ndagala ni dagaa wa ziwa letu. Mitumbwi inazileta asubuhi, zinamwagwa juu ya mchanga, na wanawake wanazigeuza kwa ufagio wa njiti za michikichi. Sharti zigeuzwe jua likiwa kali. Ukizisahau, upande wa chini unabaki mbichi na wa juu unavunjikavunjika. Basi saa zile ambazo hata mbuzi wanajificha, sisi tulikuwa katikati ya mchanga. Na jua la miaka hiyo halikuwa lile tulilolikuta usichanani. Mvua nayo ilikuwa imeacha miezi yake, inakuja siku ambayo hakuna aliyeitazamia. Sikusoma sana, siwezi kueleza sababu. Niliona tu wanawake wenye nguvu wakianza kutapika na kuona giza saa za mchana.

Baada ya matanga, mtoto wa yaya akachukua ufagio wa mama yake. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilimkataza.

"Mama mudogo, nitakula nini?" akaniuliza.

"Utakula kwangu."

"Na we, utakula nini?"

Shamba letu la muhogo lilikuwa upande wa Mboko, na barabara ilifungwa na kufunguliwa kadiri wenye bunduki walivyoamka. Basi tukafanya kazi pamoja, na nilimwangalia yeye kuliko ndagala. Kila alipoinama, nilingoja ainuke ndipo nami niiname.

Mwenye mitumbwi tulimwita patro. Tulimwomba kivuli na ruhusa ya kupumzika kuanzia saa sita. Akasema, "Bamama, mukikaa pa kivuli mutalala. Ndagala haingojake usingizi ya muntu." Akaenda zake.

Mmoja wetu alikuwa mjane wa mtu wa kiwandani. Mume wake alikuwa mtu wa sendika, chama cha wafanyakazi, na mikutano ilifanyika uani kwake, kwa hiyo alijua meza inapangwaje. Alituambia kwamba mtu mmoja mmoja akiomba anafukuzwa, lakini sendika haifukuzwi. Na sendika, alisema, inaanza na komite.

Tulikutana ndani ya kanisa baada ya ibada, maana kundi la watu nje lilitia wasiwasi wenye bunduki. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Prezida akawa yule mjane. Alikuwa Mkatoliki, basi Waprotestanti wakadai makamu. Makamu akapatikana. Sekretere akawa Mprotestanti kwa kuwa alijua kuandika, basi Wakatoliki wakadai makamu wa sekretere, ambaye hakujua. Tukachagua mweka hazina wa hazina ambayo haikuwepo, na makamu wake wa kumchunga. Mwingine akasema hakuna mkutano bila protokole wa kukalisha wageni. Walipobaki wachache wakaanza kununa, tukawafanya washauri. Mimi nilikuwa mshauri wa tatu. Mtoto wa yaya alibaki peke yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi?" Tukamfanya mlinzi wa mlango.

Tulipiga makofi. Tulikuwa njiani kurudi nyumbani sekretere aliposimama ghafla katikati ya barabara.

"Bamama! Bote tuko komite. Banamemba beko wapi?"

Tulitazamana. Hatukuwa na mwanachama hata mmoja. Nilicheka hadi nikashika ukuta wa nyumba ya watu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu mazishi, nikaona aibu, halafu nikacheka tena.

Siku ya tatu baada ya mkutano, saa sita kamili, tuliweka fagio chini na kwenda kukaa kwenye kivuli cha mtumbwi uliovutwa ufukweni kutengenezwa. Kilikuwa kivuli chembamba, tukabanana kama ndagala zenyewe. Patro alikuja mbio, kofia mkononi.

"Iko nini hapa?"

"Iko sendika," alijibu mjane.

"Prezida ni nani?"

Mjane akasimama, akanyoosha kitenge chake. "Ni mimi."

"We, kazi yako imeisha. Rudi kwako."

"Aksanti, patro," akasema, akakaa palepale. "Prezida akikosekana, makamu anachukua nafasi."

Makamu akasimama. "Ni mimi sasa prezida."

"Na we, umeisha!"

Akakaa. Sekretere akasimama. Patro akamfukuza. Makamu wa sekretere akasimama kabla hajaulizwa. Mweka hazina, makamu wake. Protokole alisimama na kumwomba patro akae kwanza, mgeni hapokewi wima. Akafukuzwa mkono ukiwa bado unaonyesha mahali pa kukaa. Sisi tuliobaki tulikuwa tunajiuma midomo. Washauri wawili wa mbele wakafukuzwa, ikafika zamu yangu. Nilitaka kusema, "Ni mimi prezida," lakini kicheko kilinibana, ikatoka sauti kama ya kuku. Nikafukuzwa hivyo hivyo.

Kisha mtoto wa yaya akaanza kujiinua. Ilichukua muda, kwa tumbo lile. Washauri wawili wakamsukuma kwa nyuma.

"Na we ni nani?" patro aliuliza. Jasho lilikuwa linamtiririka. Yeye ndiye aliyekuwa juani.

"Mulinzi wa mulango. Sasa ni mimi prezida."

Patro akafungua mdomo, kisha akageuka kutazama uwanja. Ndagala zilikuwa zinameremeta, hakuna aliyezigusa. Watu wengi walikuwa wamekwisha kuvuka ziwa kukimbia vita, na mikono ya kukodi haikupatikana hovyo.

"Nikikufukuza, nani anabakia?"

"Hakuna, patro."

"Banamemba?"

"Hatuna."

Hapo hata wavuvi waliokuwa wanashona nyavu walicheka. Mtoto wa yaya hakucheka. Alisema, "Kuanzia saa sita mpaka saa tisa tunakaa. Tunapokezana, babili babili, kugeuza. Na kivuli. Mama yangu alianguka pale." Akaonyesha mahali penyewe kwa kidole. Kicheko kikakatika. Mimi niliangalia mchanga.

Patro alivaa kofia, akaivua. "Saa nane," akasema. "Tisa ni mingi."

"Saa nane," alikubali prezida wetu wa mwisho, akakaa kwa msaada wa watu wanne.

Nasema ukweli: tulitaka saa tatu, tukapata mbili. Kesho yake patro alileta turubai la mtumbwi wake mkubwa, kuukuu, lenye viraka, tukalifunga juu ya miti minne.

Siku ya kwanza chini yake hatukujua la kufanya. Tulikaa wima kama watu wanaopigwa picha. Wawili walikuwa uwanjani kwa zamu. Mtoto wa yaya peke yake ndiye aliyejinyoosha, na mara moja akalala, mdomo wazi. Baadaye kidogo wingu jeusi likatokea juu ya ziwa, mwezi ambao haukuwa wake. Tukaruka wote, komite nzima, tukikusanya ndagala kwa vikapu, kwa vitenge, protokole akipiga kelele za kutupanga na hakuna aliyemsikia. Patro alikuja mbio.

"Na ule pale? Mumuamushe!"

Nilisimama kati yake na turubai. "Iko saa saba, patro."

Aliangalia saa yake. Akaniangalia mimi, ambaye sauti yangu hakuwahi kuisikia zaidi ya ile ya kuku. Akanyakua kikapu kutoka mkononi mwangu, akapiga magoti kwenye mchanga akaanza kuzoa.

Mvua haikunyesha. Wingu lilipita kuelekea Kazimia. Tukazimwaga ndagala zote upya na kuzitandaza, patro naye akitandaza vibaya, tukimkosoa. Saa nane mtoto wa yaya aliamka, akafunga kitenge, akachukua ufagio, akaja kugeuza upande wake.