Ubani wa Pikipiki Nyekundu

Juzi, pale Nangurukuru, niliona tangi jekundu la pikipiki limekatwa, kuku wananywea maji humo. Pua yangu ikajaa harufu ya ubani.

Nilipokuwa mtoto, baba aliinunua pikipiki yake nyekundu ya Kiitaliano kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Kijijini kwetu Kiswere hapakuwa na nyingine kama ile. Ilikimbia msimu mmoja wa korosho, kisha ikaanza kuchagua siku za kuwaka.

Alasiri ile tuliletewa habari kwamba bibi, mama yake baba, yu mahututi huko Kilangala. Basi lilikuwa limeshapita. Baba akapiga kiki mpaka kandambili ikamchomoka mguuni. Mama akatoka jikoni na chetezo, akaizungushia pikipiki moshi wa ubani.

"Hii husda, Baba Zuhura. Macho ya watu yameiingia."

"Husda gani? Inataka kipuri, na kipuri kiko Italia!"

Mimi nilidhani Italia iko mbele kidogo ya Lindi, nikaenda kukaa barabarani nimngojee mwenye kukileta. Nyuma yangu injini ikakohoa. Nikapiga vigelegele. Haikukohoa tena.

Tulifika Kilangala kesho yake, bibi ameshazikwa.

Tangu hapo, kila Ijumaa, baba mwenyewe aliifukiza ile pikipiki kwa chetezo cha mama. Nilidhani ameamini kuwa ni husda. Sasa najua alikuwa ameacha kungoja. Kipuri hakikuwa na njia ya kufika kwetu, na ubani ulipatikana dukani.